Tela Dogo la Kambi Lipimwe Kwanza kwa Mizani

Mazungumzo yetu leo yanahusu tela dogo la kambi, lile la magurudumu mawili linalovutwa nyuma ya gari, lenye hema linalofunguka juu yake au kijumba cha kulala ndani, jiko linalovutwa kwa nyuma, tangi la maji na nafasi ya friji. Australia, Afrika Kusini na Marekani tela la namna hii limekuwa mali ya familia za kawaida, na katika barabara zetu za Afrika Mashariki nalo huonekana nyuma ya magari ya wasafiri waliotoka kusini. Anayetaka kulinunua huuliza kwanza bei, kisha huuliza lina vitu gani. Mimi nashikilia kwamba la kwanza kuulizwa liwe kilo. Tela la kwenda njia mbaya hufaa maadamu limebaki jepesi. Kila kilo inayoongezwa hupunguza njia ambazo tela hilo linaweza kupita salama, na asiyelijua hilo hulipia chombo cha porini akaishia kukiegesha kwenye lami.

Historia ya chombo chenyewe inaliunga mkono wazo hili. Mwaka 1940 jeshi la Marekani lilikuwa likitafuta gari dogo la upelelezi, lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne. Kampuni ndogo iitwayo American Bantam, ya mji wa Butler katika jimbo la Pennsylvania, ndiyo iliyowahi kuleta gari la mfano, na gari hilo ndilo chimbuko la jeep. Lakini kiwanda chake kilikuwa kidogo, jeshi likatoa zabuni kubwa kwa kampuni za Willys na Ford, na Bantam ikaishia kutengeneza matela ya kuvutwa na jeep hizo. Tela lenyewe liliruhusiwa kubeba robo tani tu, kiasi cha kilo 227. Magurudumu yake yalikuwa sawa na ya jeep, hivyo tairi moja la akiba lilifaa mbele na nyuma. Bodi lake lilizibwa vizuri hata likaweza kuelea wakati wa kuvuka mto. Baada ya vita mengi yaliuzwa kwa raia, na wakulima, wawindaji na wapiga kambi wakayatumia kwa miaka mingi. Upande mwingine, tangu miaka ya 1930 magazeti ya mafundi wa nyumbani huko Marekani yalikuwa yakichapisha michoro ya vitela vya kulala vyenye umbo la tone la maji: kitanda ndani, jiko nyuma chini ya mfuniko. Magari ya wakati ule yalikuwa na injini dhaifu, kwa hiyo mbunifu hakuwa na hiari, alipaswa kupunguza. Tela la kambi la leo limezaliwa na hayo mawili, la jeshi na la fundi wa nyumbani, na yote mawili yalifanikiwa kwa sababu walioyatengeneza walihesabu uzito kabla ya kufikiria starehe.

Leo injini zina nguvu, na nguvu hiyo imetusahaulisha hesabu. Hebu tuifanye hapa hewani. Chukua tela ambalo muuzaji anasema lina kilo 450 likiwa tupu. Jaza tangi la maji la lita 100: hizo ni kilo 100, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Weka betri ya risasi ya saa-ampea 100, kama kilo 28. Tairi la akiba na rimu yake, kilo 30. Hema la juu, ikiwa limeuzwa kando, kilo 60. Friji ndogo pamoja na chakula kilichomo, kilo 40. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukijaa hufika kilo 13 hivi kwa sababu chuma chake nacho kina uzito. Madumu mawili ya dizeli ya lita 20, kilo 42 pamoja na madumu yenyewe. Halafu sufuria, meza, viti, magodoro, jeki, sanduku la vifaa na nguo za watu wanne, kilo 120, na hapo hatujapakia kitu cha anasa. Jumlisha: kilo 433. Tela la kilo 450 sasa lina kilo 883, karibu mara mbili ya namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya matangazo. Hakuna aliyedanganya. Muuzaji alitaja uzito wa tela tupu, mnunuzi akasikia uzito wa safari.

Namba hiyo ina matokeo ya kisheria. Australia, uzito unaobebwa na magurudumu ya tela ukipita kilo 750, sheria inalitaka tela hilo liwe na breki zake lenyewe. Katika mfano wetu, hata tukisema asilimia 10 ya uzito inakalia kiungio cha gari, yaani kilo 88, bado magurudumu ya tela yamebeba kilo 795. Tela lililonunuliwa likiwa halali bila breki limevunja sheria kwa sababu ya maji na dizeli. Umoja wa Ulaya nao umeweka mpaka wa kilo 750 kwa matela yasiyo na breki. Tena sheria ya nchi ni dari tu. Mtengenezaji wa gari anaweza kuweka kikomo cha chini zaidi. Suzuki Jimny ya milango mitatu, gari linalopendwa na watu wengi wa porini, huko Australia imeruhusiwa kuvuta kilo 1,300 tela likiwa na breki, lakini kilo 350 tu likiwa halina. Kwa mwenye Jimny, tela la kilo 450 lisilo na breki limezidi kabla hata hajatia kijiko ndani.

Kwa nini watengenezaji wawe wakali hivyo? Sababu ni fizikia, nayo haijali tuko bara gani. Nishati iliyomo ndani ya kitu kinachokwenda hukua kwa mraba wa kasi. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukafika 100, kasi imeongezeka kwa robo, lakini nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Tela lisilo na breki huliachia gari kazi hiyo yote, na gari dogo likishika breki ghafla kwenye changarawe, tela zito hulisukuma kutoka nyuma na kulipindisha. Hatari ya pili ni kuyumba. Mzigo mzito ukiwekwa nyuma ya ekseli ya tela, kichwa cha tela hunyanyuka, na upepo wa lori linalopita au shimo moja hutosha kuanzisha mchezo wa kwenda kushoto na kulia unaokua kila sekunde. Dawa yake ni kupanga mzigo mzito mbele kidogo ya ekseli na chini kabisa, ili asilimia 10 hadi 15 ya uzito ikalie kiungio, kama wanavyoshauri Wamarekani. Ulaya hutumia kiasi kidogo kuliko hicho, kwa kuwa matela yao na kasi zao ni tofauti.

Lakini dawa hiyo nayo ina gharama yake, na hapa ndipo wengi hukosea. Kilo 60 zikikalia kiungio, ekseli ya nyuma ya gari haiongezewi kilo 60 tu. Kiungio kiko nyuma ya ekseli, kwa hiyo uzito huo hufanya kazi ya wenzo. Gari likiwa na mita 2.4 kati ya ekseli mbili, na kiungio kikiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, kilo hizo 60 huilemea ekseli ya nyuma kwa kilo 90, na huipunguzia ekseli ya mbele kilo 30. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoongoza gari na ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Basi kadiri tela lilivyo zito, ndivyo usukani unavyokuwa mwepesi pale unapohitaji kushika sana: kwenye mteremko wa mawe, kwenye utelezi, kwenye kona ya vumbi. Gari lililoinama nyuma huku taa zake zikimulika juu ya miti linaonyesha hesabu hii kwa macho.

Sasa tuje kwenye barabara zenyewe. Gibb River Road, kaskazini magharibi mwa Australia katika eneo la Kimberley, ina urefu wa kilomita 660 hivi. Ilifunguliwa ili ng'ombe wa mashamba makubwa wasafirishwe kwenda bandari za Derby na Wyndham, na leo ni njia ya wapiga kambi. Kinachoisumbua zaidi ni mawimbi ya udongo yanayokatiza barabara, yenye kufuatana kama mikunjo ya bati, maelfu kwa maelfu. Msikilizaji aliyewahi kupita kutoka Isiolo kwenda Moyale kabla lami haijakamilika, au anayepita leo kutoka lango la Naabi kwenda Seronera ndani ya Serengeti, hahitaji kuelezwa. Wapo wanaoamini kwamba mawimbi hayo ni kosa la greda au uvivu wa mamlaka ya barabara. Mwaka 2007 watafiti Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha matokeo ya jaribio la gurudumu linalozungushwa juu ya mchanga. Waliona kwamba gurudumu likizidi kasi fulani, mawimbi hujitokeza yenyewe, hata gurudumu lisipokuwa na springi. Chini ya kasi hiyo uso hubaki bapa. Maana yake, maadamu magari yanapita kwenye udongo mkavu kwa mwendo wa kawaida, greda litasawazisha leo na mawimbi yatarudi. Mwenye tela asingoje barabara ibadilike. Abadilishe tela na mwendo.

Kwenye mawimbi hayo tela huumia kuliko gari. Gari lina springi laini na shokapu zinazomeza mtikisiko, na lina dereva ndani yake anayesikia maumivu na kupunguza mwendo. Tela liko nyuma, hakuna anayelisikia. Matela mengi ya bei nafuu yana springi za majani ngumu zisizo na shokapu hata moja. Springi zimewekwa ngumu kwa sababu muundaji alitarajia mzigo mzito. Likienda nusu tupu linarukaruka, likienda limejaa kupita kiasi linagonga. Baada ya saa kadhaa za mtikisiko nati hulegea, waya za taa hukatika mahali zinapopita kwenye tundu la chuma, na nyufa huanza. Nyufa hizo aghalabu hazianzi katikati ya chuma. Zinaanza pale uchomeleaji unapoishia ghafla, hasa mahali mkono wa kuvutia unapokutana na fremu. Hapo ndipo wenye matela hupenda kuongeza sanduku la kuni, kibebeo cha baiskeli na madumu ya ziada, yaani wanalemea kiungo kilekile ambacho tayari kinafanya kazi kubwa kuliko vyote. Fundi huambiwa aongeze chuma kinene zaidi. Chuma kinene huongeza kilo, kilo huongeza mshtuko, na ufa huhamia mahali pengine.

Dawa inayojulikana na kila msafiri wa mbali ni kupunguza upepo wa matairi na kupunguza mwendo. Tairi lenye upepo mdogo hukanyaga ardhi kwa upana zaidi na kumeza mtikisiko kabla haujafika kwenye springi; kwenye mchanga huelea badala ya kuzama. Lakini tairi lililopunguzwa upepo hujikunja zaidi kila linapozunguka, na kujikunja huzaa joto. Tela zito likipunguzwa upepo matairi hupata moto hadi mbavu zake kupasuka. Jepesi hustahimili. Ndiyo maana nasema uzito ndio mzizi: tela jepesi linaruhusu dawa ile ambayo zito haliwezi kuinywa. Hali kadhalika beringi. Kitovu cha gurudumu hupata joto baada ya mwendo mrefu. Ukikitumbukiza kwenye maji baridi ya mto, hewa iliyo ndani husinyaa ghafla na kuvuta maji kupitia sili iliyochakaa. Maji huchanganyika na grisi, na baada ya siku chache za safari beringi huanza kulia, kisha hushika. Ngoja kidogo kando ya mto kitovu kipoe kabla ya kuvuka, na beba seti ya beringi na grisi za akiba. Beringi iliyobeba nusu ya uwezo wake husamehe maji kidogo; iliyobeba uwezo wake wote haisamehi.

Niguse pia magurudumu, maana hapa tela la Bantam bado linatufundisha. Tela la porini liwe na rimu na matairi sawa na ya gari linalolivuta, na upana kati ya magurudumu yake ulingane na wa gari. Faida ya kwanza mmeshaiona: tairi la akiba hufaa pande zote. Faida ya pili haionekani dukani. Kwenye mchanga na matope gari hujitengenezea njia kwa kukandamiza udongo. Magurudumu ya tela yakipita kwenye njia hiyohiyo, gari huvuta kwa nguvu ndogo. Yakipita nje yake, kila upande wa tela unajilimia njia mpya, na gari linavuta kama jembe. Nati za Hilux ni sita na za Jimny ni tano, kwa hiyo rimu zao hazibadilishani. Jambo hilo lipangwe siku tela linapoagizwa, si siku ya pancha.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao ni za haki. Wa kwanza watasema: magari ya siku hizi yana uwezo. Baadhi ya Hilux za dizeli zenye milango minne huko Australia zimeruhusiwa kuvuta kilo 3,500 kwa tela lenye breki. Kilo mia tisa zinatuhofisha nini? Ruhusa hiyo ni kweli, lakini isomwe hadi mwisho. Asilimia 10 ya kilo 3,500 ni kilo 350 zinazokalia kiungio, na kilo hizo huhesabiwa kuwa mzigo wa gari. Gari linalobeba chini kidogo ya tani moja limeshapoteza zaidi ya theluthi ya uwezo wake kabla abiria hawajaingia. Na namba ya ruhusa inahusu gari zima, kwenye barabara inayopitika. Haiahidi kwamba klachi, gia na ekseli zitapanda mlima wa mawe na mzigo huo kwenye joto la nyuzi 40 bila malalamiko. Anayetaka tela kubwa lenye bafu na kitanda cha watu wanne ana haki nalo. Ninachosema ni kwamba ahesabu amenunua nyumba ya barabara kuu, na asilipie nyongeza ya bei kwa ajili ya jina la porini lililobandikwa ubavuni.

Wa pili watasema tela lenyewe halina kazi, heri hema la juu ya paa la gari. Hema hilo ni rahisi, halina leseni yake wala matairi yake, na gari hubaki fupi. Hoja hii ina nguvu, na kwa msafiri anayehama kila asubuhi nakubaliana nayo. Lakini hema la paa lina kilo 50 hadi 80 zilizowekwa mahali pabaya kuliko pote, juu kabisa, na paa za magari mengi madogo hazijaruhusiwa kubeba uzito huo gari likiwa linakwenda. Tena anayekaa siku kadhaa mahali pamoja hulazimika kukunja nyumba yake kila anapotaka kwenda kutazama wanyama au kuchota maji. Tela hutatua hilo: linabaki kambini na maji, chakula na vitanda, gari linaondoka likiwa jepesi. Kwa maoni yangu faida hiyo peke yake ndiyo inayohalalisha kumiliki tela. Asiyeihitaji hahitaji tela.

Ipo hoja ya tatu ambayo naikubali bila kuzunguka. Kuna njia ambazo hata tela jepesi halipaswi kuzipita. Canning Stock Route, njia ya zamani ya kuswagia ng'ombe kati ya Wiluna na Halls Creek huko Australia Magharibi, ina urefu wa kilomita 1,850 hivi na inakata mamia ya vilima vya mchanga. Wasafiri wanashauriwa wasiende na tela huko. Kila kilima kinataka gari lipande kwa kasi, na kasi hiyo pamoja na tela hukivuruga kileleni, hata anayekuja nyuma akakuta mashimo badala ya njia. Gari lililokwama katikati na tela nyuma yake haliwezi kurudi kinyumenyume kwa urahisi. Mwenye tela anayeheshimu jangwa huacha tela mjini akaenda na hema.

Wa nne watashauri kukodi. Kwa anayepiga kambi mara moja kwa mwaka, kukodi ni busara, na sababu si bei ya kununua pekee. Tela lililokaa bila kazi linaharibika kimya kimya. Matairi yake huzeeka kabla hayajaisha: tazama namba nne ubavuni, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, na usishangae ukikuta tairi lenye meno mazima lina umri wa miaka kumi. Turubai lililokunjwa likiwa na umande huota ukungu. Panya hupenda magodoro na waya. Betri iliyoachwa bila kuchajiwa hufa. Grisi iliyoingia maji wakati wa safari ya mwisho hula beringi kwa kutu miezi yote ya kungoja safari ijayo. Anayemiliki tela amejichukulia gari la pili lisilo na injini, na linadai matengenezo yake hata lisipotembea. Hapa pia udogo unasaidia, kwa sababu tela dogo huingia chini ya banda, huinuliwa kwa jeki moja, na hukaguliwa lote na mtu mmoja kwa asubuhi moja.

Mwisho watakuja wanaosema haya ni mambo ya nchi za mbali, sisi yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa njia mbili. Barabara za vumbi tunazo, na hoteli za hifadhini ni ghali kwa familia nyingi za kwetu, ilhali viwanja vya kambi vipo katika hifadhi za Tanzania na Kenya na gharama zake kwa raia ni ndogo zaidi. Pili, mafundi tunao. Wanaochomelea matela ya trekta na bodi za malori wanaweza kutengeneza tela la kambi, na vipuri vya Hilux na Land Cruiser vinapatikana kwa urahisi zaidi Gerezani, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road, Nairobi, kuliko kipuri chochote cha tela lililoagizwa kutoka ng'ambo. Tatizo ni mazoea. Fundi wetu amezoea tela la kubebea mchanga na matofali, na kwake uimara ni unene wa chuma. Ukimwachia aamue, utapata tela la kilo 700 tupu. Mpe uzito wa mwisho kwa maandishi kabla hajakata chuma, mtake aweke vitovu na rimu za gari lako, springi zenye majani machache pamoja na shokapu, na uwazi chini ya ekseli usiopungua wa gari. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga, Lindi au Unguja, fremu ichovywe zinki, maana hewa ya chumvi hupenya rangi na kuanza kula chuma ndani ya mabomba usikokuona. Breki ziwekwe hata kama hakuna askari atakayeziuliza.

Basi, msikilizaji unayekaribia kununua, nina ombi moja kwako. Usitoe pesa kwa tela ambalo hujaliona mizanini. Muulize muuzaji kuhusu bamba linaloonyesha uzito mtupu na uzito wa juu unaoruhusiwa, likikosekana, ondoka. Likiwapo, toa uzito mtupu kwenye ule wa juu, na jibu utakalopata ndilo mzigo wote utakaoruhusiwa kubeba, maji yakiwemo. Kisha fungua kitabu cha gari lako usome kikomo cha kuvuta na kikomo cha kiungio, uulize na leseni yako inaruhusu nini. Tela likishakuwa lako, lijaze kama unavyolijaza siku ya safari, maji hadi juu, gesi, chakula na magodoro, ulipeleke kwenye mizani ya magari ya kiwanda au ghala la nafaka lililo karibu, ulipime lote, kisha upime kichwa chake peke yake. Namba zikizidi, shusha vitu hapohapo mizanini mpaka zilingane, na usiondoke kwa ahadi ya kupunguza baadaye.